Bepari mmoja, mabepari wangapi?

Shakespeare, kwenye jina la tamthilia yake, alimtaja mfanyabiashara mmoja tu wa Venisi. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri ya Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Jina lake: Mabepari wa Venisi. Mmoja kawa wengi.

Bepari ni neno lililotoka Bara Hindi, likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Zama za Azimio la Arusha, 1967, lilishabeba uzito mwingine: mnyonyaji. Mimi nalisoma jina lile hivi: silabi moja, ma-, imeiondoa lawama kwa mtu na kuitwisha tabaka zima. Umoja na wingi, kumbe, si mambo ya darasani peke yake.

Sasa njoo Bunda, kwenye pamba. Chukua maelekezo ya aina hii: "Changanya dawa na maji kabla ya kupulizia." Mkulima ana dawa mbili mkononi. Azichanganye pamoja, au kila moja na maji yake? Sentensi imenyamaza. Akikosea, anaweza kuunguza shamba, au kujidhuru mwenyewe.

Tatizo ni kwamba dawa haina ma- wala vi- ya kutusaidia. Moja ni dawa, kumi ni dawa. Ndivyo zilivyo chupa, pampu, namba, na maneno mengi ya kigeni yaliyoingia na ufundi: betri, injini, kompyuta. Hesabu yake imejificha nje ya neno: dawa hii, dawa hizi; inachanganywa, zinachanganywa. Na sentensi za kuamuru, ambazo waandishi wa maelekezo tunazipenda kwa ufupi wake, ndizo zinazoangusha viambishi hivyo njiani.

BAKITA iliundwa mwaka uleule wa 1967, na tangu hapo istilahi zimesanifiwa nyingi. Lakini istilahi nzuri haijihesabu yenyewe. Anayeandika ndiye anayepaswa kuongeza neno: "kila dawa peke yake", "dawa zote mbili pamoja", "chupa moja". Sentensi itarefuka kidogo, sawa. Hasara iko wapi?

Mwalimu alipotaka wingi, Kiswahili kilimpa ma- mwanzoni kabisa mwa jina, na hakuna aliyebaki na swali. Mkulima wa Bunda naye anastahili uwazi huohuo, maana yeye akielewa vibaya hakosi tamthilia, anakosa mavuno.