Kifungo Baharini: Ushairi na Ushahidi katika Filamu ya Patricio Guzmán

Uhusiano wa ushairi na bahari katika filamu za hali halisi si jambo geni. Mwaka 1929, John Grierson alionyesha mjini London filamu bubu, Drifters, kuhusu wavuvi wa Bahari ya Kaskazini. Ushairi wake haumo katika maneno bali katika mpangilio wa picha: mawimbi, mitambo na mikono ya wavuvi hufuatana kwa mapigo yanayokaribia mizani. Humo bahari ni uwanja wa kazi. Katika El botón de nácar (2015) ya Patricio Guzmán wa Chile, bahari ni kaburi, nao ushairi umetwikwa jukumu zito zaidi, la kutoa ushahidi.

Baada ya mapinduzi ya Septemba 1973, utawala wa Augusto Pinochet uliifunga miili ya baadhi ya wafungwa kwenye vipande vya reli na kuitupa baharini kutoka kwenye helikopta. Maji yalikusudiwa kufuta mwili na jina pia. Lakini mwaka 1976 mawimbi yalirejesha ufuoni maiti ya Marta Ugarte. Jeshi lilikuja kukiri vitendo hivyo mwaka 2001. Miaka miwili baadaye, Raúl Zurita, mshairi aliyewahi kuzuiliwa melini siku za mapinduzi, alichapisha diwani ya INRI kuhusu waliotupwa. Guzmán anampa Zurita nafasi ya kuzungumza filamuni. Aliyefungwa juu ya maji anawasemea waliozamishwa chini yake.

Ishara kuu ya filamu ni kifungo cha nguo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1830 kijana wa Kiyaghan, Jemmy Button, alichukuliwa na Waingereza kwa bei ya kifungo cha lulumizi. Kifungo kingine kilikutwa kimegandamana na reli iliyoopolewa baharini. Bila Guzmán kukusudia, Kiswahili kinaikamilisha ishara hiyo, kwani kwetu kifungo ni cha nguo na cha gereza vilevile.

Mhakiki anaweza kuhoji iwapo tamathali hiyo haisawazishi maafa mawili yenye vyanzo tofauti: ukoloni na udikteta. Hatari hiyo ipo, hasa pale simulizi la Guzmán linapoyafanya maji yakumbuke kila kitu. Hata hivyo, reli yenye kutu haihitaji tashihisi. Pale filamu inapoiacha ionekane tu, ushairi huacha kuipamba bahari na kuanza kuidai irudishe wafu.