Kijana Akisema Amechoka na Maisha, Tumpeleke Wapi?

Jioni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Yesu hujaa vijana. Wako wa mpira, wako wa simu, wako waliokuja kula viazi karai na kupiga soga. Kwa kuwatazama tu huwezi kumjua yule ambaye usiku hapati usingizi. Nasi wakubwa wa Mji wa Kale tumezoea kusema kijana hana la kufikiria.

Shirika la Afya Duniani lasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Kwa walio kati ya miaka 15 na 29, hiyo ni sababu ya tatu kubwa ya vifo.

Hapa Kenya, kwa miaka mingi aliyejaribu kujiua akanusurika alihesabiwa mhalifu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliweza kumfunga hadi miaka 2. Mzazi aliyekimbiza mtoto hospitali alikuwa na hofu mbili, ya mauti na ya polisi. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waliofungua kesi ni pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa maradhi ya akili. Kabla ya hapo, serikali ilikuwa imetoa mkakati wa kuzuia kujiua wa 2021 hadi 2026, na sheria ya afya ya akili ikarekebishwa mwaka 2022.

Sheria imelegea, lakini ndimi zetu bado. Nimekaa matangani nikasikia watu wakinong'ona habari za marehemu badala ya kumwombea. Dini imeharamisha kujiua, hilo halina mjadala. Lakini uharamu huo ni sababu ya kumwahi mtu angali hai, si ya kumsimanga. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kutafuta matibabu. Na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya mwili na nafsi, akaonesha kuwa huzuni na hofu zina tiba zake. Dua na ruqya zina nafasi yake, wala hazimzuii mgonjwa kumuona daktari.

Dalili za kuangalia

- Kujitenga na rafiki na jamaa, au kuacha alivyokuwa akivipenda.
- Kukosa usingizi au kulala kupita kiasi. Kushuka ghafla masomoni.
- Kuanza au kuzidisha dawa za kulevya.
- Kusema yeye ni mzigo, au afadhali asingekuwapo.
- Kugawa vitu vyake vya thamani na kuaga watu bila sababu.

La kufanya

Muulize waziwazi, kwa upole: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali litamtia wazo. Wataalamu wanasema sivyo; mara nyingi humpa nafuu kuona kuna aliyemtambua. Sikiliza bila kukemea wala kuanza mawaidha. Ondoa nyumbani dawa, sumu na vitu vya kudhuru. Akiwa katika hatari, usimwache peke yake hata dakika moja.

Pa kwenda

- Hatari ya papo hapo: idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, iko hapa hapa kisiwani.
- 1199, Msalaba Mwekundu wa Kenya: ushauri, bila malipo.
- 116, Childline Kenya: kwa watoto na wanaowalea, bila malipo.
- 0722 178 177, Befrienders Kenya: kwa anayefikiria kujiua na kwa jamaa zake.

Maimamu na walimu wa madrasa, nawaomba: nambari hizi zibandikeni ukutani msikitini na chuoni. Kijana anayeona haya kumwambia babake huenda akazisoma akitoka kuswali.