Mti Ungojewao: Plumeria katika Bustani za Arua na Koboko

Mti wa plumeria, ambao Waingereza huuita frangipani, si mgeni machoni mwa mkazi wa miji ya Afrika Mashariki. Shina lake ni la kijivu, matawi yake ni manene kama vidole vilivyovimba, majani yake marefu hujikusanya kwenye ncha, na utomvu wake mweupe kama maziwa huchuruzika mara uguswapo na kisu. Maua yake yana petali tano, aghalabu nyeupe zenye moyo wa njano, na pengine za waridi au nyekundu. Lakini kabla ya kuyaona maua hayo, mwenye bustani hana budi kungoja. Tawi lililochomekwa ardhini huchukua kwa kawaida mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya kuchanua. Mche uliotoka katika mbegu huweza kuchukua mitatu hadi mitano, na pengine zaidi. Makala haya yanahusu kungoja huko, katika nchi ambayo historia yake haikuwapa watu wake nafasi kubwa ya kungoja chochote: Arua na Koboko, katika eneo la West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda.

Yafaa kwanza tujue mti huu ulikotoka, maana wengi hudhani kwamba ni wa Bara Hindi au wa pwani yetu. Sivyo. Kwao ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Jina lake la kitaalamu linamkumbuka Charles Plumier, mtawa wa Kifaransa aliyezaliwa Marseille mwaka 1646 na kufariki mwaka 1704, ambaye alisafiri mara tatu hadi Karibi kuchora na kueleza mimea. Carl Linnaeus alilithibitisha jina hilo katika orodha yake kuu ya mimea mwaka 1753. Ama lile jina la frangipani latokana na familia moja ya Kiitalia iliyohusishwa na manukato ya kutilia glavu. Ua lilipojulikana Ulaya, watu walisema kwamba linanukia kama manukato yale, na jina likahamia kwenye mti.

Lakini kwa sisi walimu wa lugha, ushahidi mzuri zaidi wa safari za mti huu umo katika majina ya Asia. Waazteki, kwa lugha yao ya Nahuatl, waliliita ua hili cacaloxochitl, yaani ua la kunguru. Kuanzia mwaka 1565 hadi mwaka 1815 merikebu za Wahispania zilikuwa zikivuka Bahari ya Pasifiki kati ya Acapulco na Manila. Na huko Ufilipino mti huu huitwa kalachuchi hata leo. Asikiaye majina hayo mawili moja baada ya jingine hahitaji kuonyeshwa ramani. Wamalay na Waindonesia huuita kemboja, kwa jina la nchi ya Kambodia, nao huupanda makaburini. Walao wameufanya ua lao la taifa. Wahindi waliupa jina la champa, ambalo ni jina la mti mwingine wenye harufu nzuri, wakaupanda penye mahekalu. Mti wa Amerika ulikwisha kuwa mzee wa heshima katika Asia, na Bahari ya Hindi haikuwa kizuizi kwake, sawa na isivyokuwa kizuizi kwa mwembe na mkorosho.

Jambo lililourahisishia safari hizo ndilo lile lile linaloufanya uwe mti wa ajabu kwa mpandaji. Tawi la plumeria likikatwa halifi upesi. Laweza kulala bila udongo wala maji kwa majuma kadhaa, na kisha likachipua. Limewahi kuonekana likitoa majani, hata maua, likiwa limelala tu. Baharia angeweza kulitupa kwenye kona ya merikebu akalisahau.

Uganda ilipata bustani ya serikali ya kujaribia mimea ya kigeni mwaka 1898, pale Entebbe, chini ya Alexander Whyte. Arua wakati huo haikuwapo. Mwaka 1894 nchi ya magharibi ya Nile ilikuwa imekodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa jina la Lado. Alipofariki Desemba 1909 nchi ikahamia Sudan, mwaka 1910; na wakati wa mabadiliko hayo wawindaji wa Kizungu waliingia wakawaua tembo bila ya kuulizwa na mtu. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatolewa Sudan na kutiwa Uganda, na mkuu wa wilaya A. E. Weatherhead akafungua boma la Arua. Tawala tatu, basi, katika miaka 20. 

Pamoja na boma zikaja nyumba za kudumu, na pamoja na nyumba za kudumu zikaja bustani za mapambo: za maofisa, za wamisionari wa Africa Inland Mission waliofika mwaka 1918 na kukaa Mvara, za wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na maduka mjini hadi walipofukuzwa nchini mwaka 1972. Wenyeji, Walugbara na Wakakwa, walikuwa na miti yao ya kungojewa tangu zamani, na mkubwa kuliko yote ni ule mti wa siagi uitwao shea, ambao waweza kupita miaka 15 au 20 kabla ya kuzaa. Nadhani ndiyo maana mtu wa West Nile hacheki aambiwapo kwamba ua litachukua miaka mitatu. Anajua miti iliyo mizito zaidi.

Tuje sasa kwenye kungoja kwenyewe. Hali ya hewa ya Arua yaufaa mti huu. Mji uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,200, mvua hunyesha tangu Aprili hadi Oktoba au Novemba, na kiangazi cha Desemba hadi Machi ni kikavu kweli kweli. Plumeria hutaka jua siku nzima na udongo usiotuamisha maji. Tawi hukatwa katika kiangazi, likiwa limepukutisha majani; huwekwa kivulini kwa siku 7 hadi 14 ili jeraha likauke na utomvu ukome; kisha huchomekwa katika udongo wenye mchanga au changarawe, na kumwagiwa maji kwa uchache mno. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mpandaji mwenye huruma humwagia kila jioni, na tawi likaoza kutoka chini huku ncha yake ingali ya kijani, hata asijue kwamba amekwisha kuliua. Mwingine hurundika samadi. Samadi nyingi huleta majani mapana ya kupendeza na hakuna ua hata moja, kwa kuwa mti uliolishwa hivyo hushughulika na majani tu.

Ukija mwaka wa kwanza, majani hutoka, na nyumba yote hufurahi. Kiangazi kikifika yote huanguka. Hubaki fimbo ya kijivu iliyosimama uani, na huo ndio wakati wa hatari, maana majirani husema kwamba mti umekufa, na mtoto anayefagia uwanja hutaka kuung'oa apate nafasi. Mtu mwenye ujuzi hukwaruza gome kwa ukucha: akiona kijani, huuacha. Mvua za Aprili huurudisha. Pengine mambo hayo yatatokea mara mbili au tatu, na ndipo siku moja, katikati ya majani ya ncha, kitachomoza kikonyo chenye vichwa vidogo vilivyokunjika. Harufu huzidi kuanzia magharibi. Huwaita nondo wakubwa wa usiku, ambao hutumbukiza mirija yao ndani ya ua wakitafuta asali. Na asali hakuna. Ua la plumeria halina chochote cha kumpa mgeni wake. Nondo huenda ua la pili na la tatu, akidanganywa tena, na kwa kudanganywa huko hubeba chavua.

Katika Kiswahili tuna vitenzi kadhaa kwa jambo hili, na si vyema kuvichanganya darasani. Kungoja ni kukaa mpaka kitu kije. Kungojea kunaongeza kile kinachokusudiwa. Kutazamia na kutarajia vina tumaini ndani yake. Kusubiri kumetoka Kiarabu, na katika Kiarabu mzizi huo huo umezaa jina la mmea mchungu tunaouita shubiri au subili. Subira na shubiri, basi, ni ndugu, jambo ambalo wanafunzi hulifurahia kuliko ile methali ya subira yavuta heri, iliyochakaa kwa kuandikwa ubaoni. Walimu wa Kiswahili wa Uganda, kwa upande wao, hawahitaji kufundishwa maana ya vitenzi hivi. Lugha ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1973, ikafanywa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba ifundishwe kwa lazima katika shule. West Nile yenyewe haikungoja maamuzi hayo. Kiswahili kilifika kwa askari wa King's African Rifles na kwa njia ya mpaka wa Kongo, na sokoni Arua husikika bila ya kutangazwa na yeyote.

Nimesema kwamba historia haikuwapa watu wa hapa nafasi ya kungoja. Utawala wa Idi Amin, mtu wa Koboko kwa asili ya baba yake, ulianguka Kampala Aprili 1979, na tarehe 3 Juni mwaka huo majeshi ya Tanzania yakafika mpaka wa Sudan. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka kutoka Sudan na Zaire wakaishika Koboko na Arua kwa siku chache. Jeshi jipya la serikali, UNLA, liliporudi, halikuwabagua askari na raia. Vijiji vilichomwa, na watu kwa maelfu mengi wakakimbilia nchi zile mbili za jirani. Waliobaki walijikusanya penye misheni. Na tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci nje kidogo ya mji, makumi ya waliokimbilia hapo waliuawa.

Tufanye hesabu ndogo. Tawi la plumeria lililochomekwa uani mwa nyumba ya Arua katika mvua za mwaka 1979 lilitazamiwa kuchanua kati ya mwaka 1980 na 1982. Hiyo ndiyo miaka ambayo nyumba nyingi hazikuwa na mtu. Wenye nyumba walikuwa katika makambi ya Yei, kusini mwa Sudan, ambako Barbara Harrell-Bond aliwakuta mwaka 1982 na 1983 alipokuwa akikusanya habari za kitabu chake kilichotoka mwaka 1986. Au walikuwa Zaire, kando ya Aru. Huko walipanda vinavyoliwa, na vinavyoliwa upesi. Baadhi walianza kurudi mwaka 1985, baada ya serikali ya Obote kuanguka. Wengi walirudi mwaka 1986, vita vya Sudan vilipoyafikia makambi yenyewe. Walikuta mapaa yameanguka na nyasi zimesimama hadi kifuani.

Leo mkondo umegeuka. Tangu mwaka 2016 ni watu wa Sudan Kusini waliokimbilia West Nile kwa wingi: Bidibidi katika wilaya ya Yumbe, Rhino Camp, Imvepi iliyofunguliwa upya mwaka 2017, na Lobule karibu na Koboko, ambako wengi wa waliopokewa ni Wakongo. Uganda huwapa wakimbizi kipande cha ardhi. Kipimo kilichozoeleka ni mita 30 kwa 30, na mahali pengine kimepungua sana. Katika uwanja wa ukubwa huo bamia na kunde ndizo zenye haki ya kwanza. Anayechomeka hapo fimbo isiyozaa chakula, ya kungojewa miaka mitatu, amekubali jambo ambalo huenda hajalisema kwa mdomo kwa jamaa zake, ya kwamba kurudi hakutakuwa mwaka huu wala ujao. Na pengine anajifariji kwamba fimbo hiyo ikibidi yaweza kukatwa, kufungwa pamoja na mzigo, na kupandwa kwingine baada ya majuma kadhaa.

Liko jambo moja la umbile la mti huu lililonifanya niandike habari zake katika jarida la walimu badala ya kuwaachia mabwana shamba. Ua la plumeria hutokea kwenye ncha ya tawi, na likishatokea hapo tawi haliwezi tena kuendelea moja kwa moja. Hugawanyika chini ya ua likafanya panda, matawi mawili au matatu mapya. Na kila mojawapo likichanua kwa wakati wake, nalo hugawanyika vivyo hivyo. Ndiyo maana mti mzima una umbo la kinara. Ncha iliyovunjika nayo huweza kuleta panda, lakini mara nyingi kila panda ni mahali palipokuwa na kishada cha maua. Utomvu wake huwasha na kuni zake ni duni, hivyo una bahati ya kuachwa na wakata kuni. Mtu aliyeondoka Arua Oktoba 1980 akiacha fimbo moja iliyonyooka, kisha akarudi mwaka 1986 na kuukuta mti ungali umesimama katikati ya nyasi, angeweza kuanzia chini, aupandishe mkono juu ya gome panda kwa panda, na kuhesabu ni mara ngapi ulichanua yeye asipokuwapo.