Mtori: Supu nzito ya ndizi na nyama kwa chakula cha jioni

MTORI ni supu nzito ya ndizi mbichi na nyama ya ng'ombe, yenye asili yake kwa Wachagga wa mkoa wa Kilimanjaro, ambako ndizi hulimwa pamoja na kahawa katika vihamba. Kwa mila za huko, mtori ni chakula anachopewa mama aliyejifungua ili arudishe nguvu, na hata mijini wanaokwenda kumjulia hali mzazi aghalabu hubeba mtori katika chupa ya chai.

Hata hivyo, sifa zinazoufanya mtori uwafae wazazi na wagonjwa zinaufanya pia uwe chakula kizuri cha jioni kwa familia nzima. Ni laini, unashibisha, na kilo moja tu ya nyama hutosha watu sita. Kinachowazuia wengi kuupika siku za kazi ni muda. Anayefika nyumbani saa 1 usiku hawezi kuanza kuchemsha nyama kwa saa mbili wakati watoto wanasinzia.

Ufumbuzi ni kuigawa kazi katika sehemu mbili. Nyama huchemshwa usiku uliotangulia au siku ya mapumziko, na ndizi hupikwa jioni yenyewe kwa muda usiozidi saa moja.

Uzito wa mtori

Supu nyingi za Ulaya hufanywa nzito kwa unga wa ngano au malai. Mtori hauhitaji vitu hivyo. Ndizi mbichi imejaa wanga, na inapochemka chembe za wanga hunyonya maji, zikavimba na kuufanya mchuzi ushikane. Ndizi inapoiva, sehemu kubwa ya wanga hugeuka sukari. Ndiyo maana ndizi iliyoanza kuwa ya njano huharibu mtori, kwani huutia utamu na haiufanyi kuwa mzito.

Ndizi zinazopendwa zaidi kwa kazi hii ni mshare, kwa kuwa hulainika upesi na kupondeka vizuri. Zikikosekana, ndizi za Bukoba hufaa. Mzuzu huachwa kwa kuchoma na kukaanga. Jijini Dar es Salaam, soko la Mabibo linafahamika kwa biashara ya ndizi.

Nyama nayo huchangia uzito huo. Kano na ngozi nyembamba zilizo katika nyama ya mguu, mbavu na shingo huyeyuka polepole katika moto mdogo, na kuufanya mchuzi uwe laini mdomoni. Kwa hiyo nyama ya bei nafuu yenye mifupa hutoa mtori bora kuliko steki.

Mahitaji (watu 6)

Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kilo 1
Ndizi mbichi, kilo 1 na nusu kabla ya kumenywa
Karoti 2
Vitunguu maji 2
Kitunguu saumu, punje 4
Tangawizi, kipande kimoja kidogo
Maziwa freshi, kikombe 1
Siagi, kijiko 1 cha chakula
Ndimu 1
Chumvi na pilipili manga kwa kiasi
Maji, lita 2 na nusu

Usiku uliotangulia

Nyama ioshwe, iwekwe katika sufuria pamoja na maji baridi, kisha ibandikwe jikoni. Inapoanza kuchemka, povu linalopanda juu liondolewe kwa kijiko ili mchuzi uwe safi. Hapo vitiwe chumvi, tangawizi na kitunguu kimoja kilichokatwa, moto upunguzwe, na nyama iachwe ichemke taratibu kwa saa 1 na nusu hadi 2. Kwa sufuria ya presha, dakika 40 zinatosha.

Nyama ikishaiva, itolewe mifupani na kukatwa vipande vidogo. Uboho ulio ndani ya mifupa ukung'utwe na kurudishwa katika mchuzi.

Hatua inayofuata ndiyo inayopuuzwa zaidi. Watu wengi huiacha supu jikoni usiku kucha wakiamini kwamba itachemshwa tena kesho yake. Kuchemsha tena huua bakteria wengi, lakini baadhi yao huwa wameshaacha katika chakula sumu ambayo moto hauiondoi. Katika kanuni zake 5 za chakula salama, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, na kwamba kihifadhiwe katika ubaridi usiozidi nyuzi 5 za Selsiasi.

Sufuria kubwa ya mchuzi hupoa polepole. Iwekwe ndani ya beseni la maji baridi, au mchuzi ugawanywe katika vyombo vifupi na vipana, kisha uingizwe katika jokofu. Asubuhi mafuta huwa yameganda juu, na asiyeyapenda anaweza kuyaondoa kwa urahisi.

Asiye na jokofu apike vyote jioni moja. Atumie nyama ya kusaga, ambayo huiva kwa dakika 20 hivi, au nyama laini iliyokatwa vipande vidogo sana. Uzito wa mchuzi utapungua kidogo, lakini usalama hautapungua.

Jioni ya mapishi

Mikono na kisu vipakwe mafuta kidogo, kwa kuwa utomvu wa ndizi hunata na kuacha madoa. Ndizi zimenywe, zikatwe vipande na kutiwa mara moja katika maji yenye ndimu ili zisigeuke nyeusi. Kabla ya kupikwa zisuuzwe, kwani ukali wa ndimu ukibaki unaweza kuyakata maziwa.

Mchuzi uchemshwe tena hadi utokote, kisha zitiwe ndizi, karoti zilizokatwa, kitunguu kilichobaki na kitunguu saumu kilichotwangwa. Sufuria ifunikwe. Baada ya dakika 25 hadi 30 ndizi zitakuwa zimelainika kiasi cha kuvunjika zikiguswa na mwiko. Hapo ziepuliwe, zipondwe kwa mwiko au kipekecho ndani ya mchuzi wake mpaka mabonge yaishe.

Sufuria irudishwe kwenye moto mdogo, itiwe nyama, na ikorogwe mara kwa mara, kwa sababu mtori hushika chini upesi na kuungua. Ukizidi uzito, uongezwe maji ya moto kidogo. Nyama ikishapata moto kabisa na mtori kuchemka kwa dakika 5, maziwa na siagi vitiwe mwishoni. Maziwa yakitiwa mapema na kuchemshwa sana, hukatika. Kwa sababu hiyo hiyo, nyanya haifai katika mtori wa maziwa. Pilipili manga inyunyizwe wakati wa kuepua.

Anayependa ladha ya pwani anaweza kuweka tui zito la nazi mahali pa maziwa, nalo pia litiwe mwishoni huku likikorogwa ili lisikatike.

Kuandaa

Mtori huliwa ukiwa moto, katika bakuli. Ndizi ina wanga kwa wingi lakini protini kidogo, nayo nyama huziba pengo hilo. Mchicha uliopikwa kidogo hukamilisha mlo, na hapana haja ya wali wala mkate.

Mtori ukilala huganda na kuwa mzito kama uji wa kukatika. Unaobaki uingizwe katika jokofu kabla ya saa 2 kupita. Kesho yake uongezwe maji na kuchemshwa mpaka utokote, si kupashwa moto tu. Mtoto anayesubiri chakula cha jioni ataupata kwa dakika 15.