Historia ya Mkwaju na Istilahi za Njia ya Faili

Mfasiri wa vitabu vya kompyuta hukutana mapema na jozi ya istilahi inayoonekana nyepesi: njia ya faili inayoanzia mwanzo kabisa, na njia inayoanzia pale mtumiaji alipo. Hiyo ya pili huweza kufasiriwa kwa pupa kuwa "njia rejeshi" au "njia linganishi", na msomaji asiambulie kitu. Yafaa tuitazame asili ya jambo lenyewe kabla ya kulipa jina.

Wazo la kuzipanga faili kama mti, saraka ndani ya saraka, lilielezwa na R. C. Daley na P. G. Neumann mwaka 1965 walipoandika juu ya mfumo endeshi wa Multics. Humo majina ya saraka yalitenganishwa kwa alama ya "kubwa kuliko" (>), na alama iliyo kinyume chake (<) ilimrudisha mtu kwenye saraka mzazi. Ulikuwa mpango mzuri, ingawa haukudumu. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda Unix katika Maabara ya Bell mwaka 1969, hawakuwa na njia hata kidogo. Katika mashine yao ya kwanza, PDP-7, jina la faili lilikuwa neno moja tu, nalo lilitafutwa katika saraka aliyomo mtumiaji. Yaani utegemezi ndio uliotangulia. Baadaye ukaja mkwaju (/), pamoja na nukta moja kwa maana ya "hapa" na nukta mbili zinazofuatana kwa maana ya "saraka mzazi". Hivyo ../barua/januari ni sawa na kumwelekeza mgeni: toka chumba hiki, ingia chumba cha barua, utaikuta januari.

MS-DOS ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na saraka za ndani, na mkwaju ulikuwa umekwisha pewa kazi nyingine, ya kutanguliza viteuzi vya amri. Saraka zilipoingizwa katika toleo la 2.0, mwaka 1983, ilibidi uchukuliwe mkwaju ulioinamia upande wa pili (\). Huko Japani msimbo wa alama hiyo ulikuwa na alama ya yeni, basi njia ya faili ikaonekana kama orodha ya bei. Macintosh nayo ilitumia koloni, na njia iliyoanza kwa koloni ndiyo iliyotegemea mahali, kinyume kabisa cha mkwaju wa Unix. Mac OS X ya mwaka 2001 ndiyo iliyoleta mkwaju kwenye mstari wa amri. (Wanaoiita koloni "nukta mbili" wafikirie taabu ya mwalimu anayefundisha "..".)

Je, tuseme "njia-mzizi" kwa ile inayoanzia mwanzo? Katika Unix istilahi hiyo ingefaa, maana mzizi ni mmoja. Katika Windows kila diski ina mzizi wake. \barua huanzia mzizini, lakini mzizi wa diski ipi? Ule wa diski inayotumika wakati huo. Nayo C:barua, isiyo na mkwaju, huanzia saraka ambamo mtumiaji yumo katika diski C, hata kama kwa sasa anafanya kazi katika diski D. Wataalamu wenyewe wamesitasita: lugha ya Python iliihesabu \barua kuwa njia kamili hadi toleo la 3.13, la mwaka 2024, lilipoikataa.

Kwa hiyo napendekeza "njia huru" na "njia tegemezi". Walimu wa sarufi wanaijua jozi hii kutokana na vishazi, na kipimo ni kilekile: je, inajitosheleza, au yahitaji kitu kilicho nje yake? Kwa kipimo hicho \barua ni tegemezi, na C:\barua ni huru. Limebaki jina la alama \. "Mkwaju nyuma" humfanya mwanafunzi aulize nyuma ya nini. "Mkwaju kinyume" lingefaa zaidi.