Mcheza Kwao Hutuzwa: Mashindano ya Hadithi na Mwandishi wa Mpakani

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Sisi tuliolelewa Busia na kufundisha huko tumejiuliza mara nyingi: je, mtu wa mpakani, ambaye shamba lake li upande huu na shangazi yake yu upande ule, kwao ni wapi anapoketi kuandika hadithi ya Kiswahili ili aipeleke mashindanoni? Swali hili lina historia yake, nayo yafaa ijulikane na kila mwalimu anayewahimiza wanafunzi washike kalamu.

Hata mwaka 1902 nchi yote hii, mpaka kukaribia Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo serikali ya Kiingereza ikaukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakaamka wamegawanywa na mstari ambao hawakuuchora. Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli kutoka Kenya ikaingia Tororo, na pamoja nayo Kiswahili cha vibarua, askari na wachuuzi. Kiswahili hicho hakikutoka kitabuni. Kilitoka kazini na sokoni.

Wakati huohuo kitabu nacho kilikuwa kikitafuta waandishi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, iliweka kipimo cha Kiswahili sanifu juu ya msingi wa Kiunguja. Baada ya vita vikuu vya pili likaundwa shirika la East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, nalo likaona kwamba njia mojawapo ya kuwapata waandishi ni kuwashindanisha. Katika shindano lake la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, aliyetwaa tuzo ya kwanza ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilipotoka mwaka 1960, wasomaji wakamjua Bwana Msa na kiko chake, na riwaya ya upelelezi ikapata makao katika lugha yetu. Hata Ngũgĩ wa Thiong'o, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, aliandika riwaya yake ya kwanza, kwa Kiingereza, ili kuingia shindano la shirika hilohilo. Nayo ilichapishwa mwaka 1965 kwa jina la The River Between.

Je, kijana wa Tororo alizuiwa na nini? Hakuzuiwa na posta, kwa maana siku zile stempu zilikuwa za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na bahasha ya Tororo ilifika Nairobi bila ugeni. Alizuiwa na darasa. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika lugha zilizotambuliwa shuleni Uganda, isipokuwa katika shule za polisi. Hivyo mwaka ule Bwana Msa alipokuwa akishinda, kijana wa Tororo alikuwa na Kiswahili kinywani tu, hana mkononi. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973, iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa, haikuleta walimu wala vitabu. Ilizidi kuifungamanisha lugha na sauti ya askari. Upande wa Kenya, tangu mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Barabara moja, soko moja, na watoto wawili wenye bahati mbili.

Sisi wenyewe tulipata kuonja shubiri hiyo. Tukiwa walimu vijana tulipeleka hadithi fupi katika shindano la jarida moja la fasihi. Habari yake ilikuwa ya mama muuza samaki avukaye mpaka juu ya baiskeli. Hadithi ilirudi na wino mwekundu: maneno ya mama yule yamesahihishwa yote, na neno bodaboda limekatwa. Tuliona haya, tukanyamaza miaka mingi. Kumbe neno lile lilizaliwa papa hapa mpakani, kwa waendesha baiskeli waliowabeba wasafiri kutoka kituo hata kituo. Leo hutamkwa Dar es Salaam na Mombasa, wala hakuna anayeliuliza kwao.

Hatusemi kwamba waamuzi walikosa kabisa. Usimulizi wetu ulikuwa na makosa ya upatanisho ambayo mwalimu hastahili kusamehewa. Lakini kosa la msimulizi si kosa la mhusika. Msimulizi na aandike Kiswahili sanifu. Mama muuza samaki na aseme kama asemavyo sokoni. Tangu tulipoanza kuwafundisha wanafunzi tofauti hiyo, hadithi zao zimepata uhai.

Milango ya leo ni mipana zaidi. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima mashuleni. Lakini uamuzi hauandiki hadithi. Walimu wenzetu wa Tororo na Busia zote mbili, tuwape watoto wetu karatasi, tusome rasimu zao kwa subira, tuzipeleke mashindanoni. Wasiposhinda, watakuwa wamecheza. Na achezaye Kiswahili popote, hapo ndipo kwao.