Damu Isiyopimwa: Ufahamu na Uhalisia Biharamulo na Ngara

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwapo kwa wagonjwa walioshukiwa kuwa na ugonjwa wa kirusi cha Marburg mkoani Kagera, Tanzania. Wizara ya Afya ikaeleza kwamba sampuli zilizokwisha kupimwa hazikuonyesha kirusi hicho. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akathibitisha mgonjwa mmoja wilayani Biharamulo, aliyebainika kwa kipimo cha maabara inayohamishika ya Kabaile. Je, katika siku hizo sita Marburg ilikuwepo Biharamulo?

Ilikuwepo. Kirusi hakingoji kujulikana ndipo kiue. Mwanafalsafa George Berkeley, baadaye askofu, alifundisha mwaka 1710 kwamba kuwepo kwa kitu ni kutambuliwa kwake, na pale macho ya binadamu yasipofika akamtegemea Mungu atambuaye yote. Lakini anayemuuguza ndugu yake hana utambuzi wa Mungu. Anao wake tu, nao ndio unaonishughulisha hapa.

Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa watu 10: wawili waliothibitishwa na maabara, wanane walioandikwa kuwa "yumkini". Wote walifariki, wanane kati yao kabla mlipuko haujathibitishwa. Mtu huandikwa "yumkini" pale dalili zake, na uhusiano wake na mgonjwa mwingine, vinapoelekeza kwenye ugonjwa huo ilhali hakuna kipimo cha kuuthibitisha. Pengine amekwisha kuzikwa. Yaliyompata hayasomeki tena katika damu. Yamebaki kwa waliokuwa naye: homa ilianza siku gani, nani alimhudumia, nani aliugua baada yake.

Ninachodai ni hiki: ufahamu hauumbi uhalisia, lakini upo uhalisia usio na hifadhi nyingine ila ufahamu wa watu. Kama ni hivyo, ushahidi wa aliyeuguza si kijazio cha muda, cha kuwekwa kando maabara ikifika. Ni ujuzi kamili, wenye hadhi yake. Methali ya mficha maradhi haitufai hapa, kwa kuwa inamfikiria mtu anayejua na kuficha. Mtu anaweza kuujua ugonjwa kwa mikono yake, usiku baada ya usiku, asiwe na jina la kuuita.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linatoka wilaya jirani. Mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, wakapiga kambi Benaco. Neno "mkimbizi" likawafunika wote, akiwemo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa komyuni ya Rusumo ng'ambo ya mto. Mwaka 2004 mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Umati unaweza kukubaliana juu ya picha moja ya mambo, na ndani ya picha hiyo waliouawa wasionekane kabisa.

Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alishikilia kwamba kweli ni maoni, yaani kila kweli ina mtu anayeishikilia, naye yuko mahali fulani. Namfuata hadi Rusumo, kisha naachana naye. Arusha nako kulitolewa kumbukumbu, za walionusurika, lakini hizo zilihojiwa na upande wa utetezi, zikapimwa moja kwa nyingine. Kumbukumbu iliyovuka maswali ya namna hiyo inastahili zaidi ya kuitwa maoni, hata pale isipokuwa na karatasi ya kuiunga mkono.

Ndiyo sababu ningependa ripoti za milipuko ziandike, kando ya "yumkini", ni ushahidi wa nani ulioegemewa, wa mke, jirani au muuguzi, bila kutaja majina, na ulilinganishwa na nini. Katika hesabu ya Biharamulo, wanane kati ya kumi wanasimama juu ya ushahidi wa aina hiyo.